Ngoma za kumpokea Dokta wangu zimetuponza

Jamani, leo nimemwaibisha mwanangu mbele ya kijiji chetu kizima cha Mpui.

Mnamjua Dokta wangu wa mifugo. Kasomea mpaka farasi, mnyama ambaye huku Ufipa wengi hatujamwona! Leo alikuwa analeta ile chanjo ya ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe; chanjo yenyewe inakaa kwenye mtungi wa baridi kali. Ikishayeyushwa haingoji mtu.

Asubuhi kanipigia kutoka mjini.
"Mama, ng'ombe wapo zizini? Niyeyushe dawa?"
"Yeyusha mwanangu, wapo!"

Hawakuwapo. Walikuwa malishoni.
Nilitaka apokelewe kwanza kwa ngoma, vigelegele na ugali wa ulezi. Kwani kuzaa daktari ni jambo dogo?

Akashuka kwenye pikipiki, akalitazama zizi tupu.
"Mama, ng'ombe wako wapi?"
"Wataletwa. Kaa ule kwanza, baba zako wakuone."

Hakula. Akakimbilia bondeni mwenyewe kuwaswaga. Walipofika, muda wa dawa ulikuwa umepita. Akaimwaga yote chini. Nyingine haijulikani itakuja lini.

Jirani yangu Mzee Kapele, ndigana imemmalizia zizi, kabaki na ndama mmoja tu, naye alikuwa malishoni na ng'ombe wangu. Akamfunga kamba wakaanza kurudi kwake.
"Mama Dokta," akaniambia taratibu, "mwanao tumemwona. Chanjo hatujaiona."

Ugali upo sufuria nzima, hakuna aliyeugusa.
Ninyi mnaojua kuomba radhi, nianzie wapi kwa huyu mzee?
Yule ndama alipopita nilimwona masikio. Yamejaa kupe.