Chini ya Kombi la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipofariki, watoto wake waligawana mali kwa amani. Mkubwa alichukua shamba la juu la kahawa, mdogo akachukua la chini lenye migomba, na mke wangu, ambaye ndiye binti pekee, akaambiwa achague ng'ombe. Lile kombi la mzee, gari la abiria lililokuwa kwenye banda nyuma ya nyumba, hakuna aliyelitaja. Lilikuwa limelala pale tangu macho ya mzee yalipoanza kumsumbua, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Siku moja wakapanda mlimani kwao watu wa vyuma chakavu kutoka Usa River. Walilizunguka, wakaligongagonga ubavuni, wakaanza kuulizana watalikatia wapi. Mama mkwe alitoka jikoni akawaambia gari lina mwenyewe. Jioni akampigia simu mke wangu.

"Mwambie mume wako aje alichukue gari la baba yako. Nimeshasema lina mwenyewe, sasa sitaki niwe nimesema uongo."

Mimi nina duka la vifaa vya bomba hapa mjini, Kimandolu. Si fundi wa magari, ila tangu utoto sijawahi kuona mashine iliyokufa nikaipita. Nadhani mama aliwahi kuniona kwenye sikukuu za familia nikiponyoka barazani kwenda kuchungulia lile banda. Sijui lini aliniona, maana mimi na yeye tulikuwa hatutazamani.

Hili inabidi nilieleze. Kwetu Uchagani mkwe anaheshimiwa, lakini mama mkwe wangu ni Mmeru wa zamani, na heshima ya mkwe aliishika kwa mikono miwili. Miaka yote ya ndoa yetu hatukuwahi kula meza moja. Nikiingia sebuleni, yeye anatokea mlango wa jikoni. Nikiwa mbali nainamisha kichwa, "Shikamoo mama," naye anaitikia huku anatazama pembeni, "Marahaba baba." Mengine yote yalipitia kwa mke wangu. "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba, nashukuru." Tukiwa watatu ndani ya nyumba moja, mke wangu alikuwa kama mkalimani kati ya watu wawili wanaozungumza lugha ileile. Haikuwa chuki hata kidogo. Nilijua ananipenda kwa namna bakuli langu la loshoro lilivyokuwa linajazwa, mahindi na ndizi ndani ya maziwa mgando mpaka juu kabisa, na mke wangu akinung'unika kwamba la kwake halijai hivyo.

Gari lenyewe halikuwa na uwezo wa kwenda popote, kwa hiyo nilianza kulitengeneza palepale shambani, kila Jumamosi niliyopata mtu wa kukaa dukani. Nilihamisha kuku. Nilitoa majani ya migomba yaliyooza sakafuni. Injini ya kombi iko nyuma, nayo ilikuwa imekwama kabisa. Niliimiminia mafuta kwenye matundu ya plagi, nikaiacha, Jumamosi iliyofuata nikaongeza tena, hadi siku moja nilipoizungusha kwa spana ikakubali. Nilipiga kelele za furaha peke yangu. Dirisha la jikoni lilifunguka kidogo, kisha likafungwa.

Sikutaka kulirudisha vilevile lilivyotoka kiwandani. Nilitaka gari ambalo familia yangu itapanda bila mimi kuwa na roho mkononi. Nikaweka altaneta ya kuchaji betri badala ya dainamo ya zamani, nikafunga mikanda ya usalama ambayo halikuwahi kuwa nayo, na magurudumu ya mbele nikayawekea breki za diski. Barabara ya kutoka kwa wakwe zangu hadi lami ni mteremko mtupu, na mvua ikinyesha udongo wake unateleza kama sabuni.

Ukishabadilisha breki, lazima utoe upepo kwenye mabomba. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali ndani, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo ili upepo utoke pamoja na mafuta. Jumamosi hiyo mke wangu alikuwa amebaki mjini kwenye kikao cha harusi, na shemeji zangu walikuwa wamekwenda mnadani. Nililala chini ya gari nikaita jirani ng'ambo ya ua. Kimya. Nikaita tena.

Nikasikia hatua kwenye majani, kisha mlango wa mbele ukafunguliwa na gari likazama kidogo upande wa dereva.

"Nikanyage sasa?" sauti iliuliza.

Nilibaki nimeshika spana. Alikuwa mama mkwe.

"Mama, si lazima," nilisema. "Nitasubiri jirani."

"Jirani hajui. Anakanyaga kama anaua nyoka. Mimi nimemkanyagia baba yao miaka yote. Sema lini."

"Haya mama. Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo... achia taratibu."

Tukaenda hivyo gurudumu hadi gurudumu. Alikuwa na mguu mtulivu. Nilipofika gurudumu la mbele akaniuliza, "Hizi breki zake zilikuwa na kosa gani hata ukazitoa?"

"Hazikuwa na kosa, mama. Ila mteremko ni mkali, na magari ya siku hizi yanasimama ghafla mbele yako."

Alijisogeza kitini. Nilidhani nimemuudhi. Kisha akasema, "Baba yao aliwahi kutuingiza kwenye mtaro."

Na hapo, mimi nikiwa nimelala chali na mafuta ya breki yananitiririkia kiganjani, mama mkwe wangu alinisimulia kitu kwa mara ya kwanza. Walikuwa wanarudi kutoka kwenye harusi na kwaya nzima ya kina mama, wakiimba. Kwenye kona ya pili breki zikagoma. Mzee hakusema neno, akalipeleka gari taratibu kwenye mtaro wa maji, likalala ubavu. Kina mama walirundikana juu ya dirisha moja, na kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuogopa, waliendelea kuimba hadi mwisho wa ubeti.

"Mimi nilianguka kwenye tope, sketi yote," alisema. "Akavua koti lake la harusi akanifuta. Mbele ya kwaya nzima. Siku zile mwanamume hakumfuta mkewe tope mbele za watu. Wale kina mama walinitania mpaka wakazeeka."

Alicheka, nami nikacheka. Kisha akashuka, akarudi jikoni kabla sijatoka chini, na tulipoagana jioni alitazama pembeni kama kawaida.

Lakini jambo lilikuwa limeanza. Jumamosi zilizofuata, nikiingia tu chini ya gari, anakuja na kigoda na ungo wa maharage, anakaa karibu na gurudumu la nyuma, anachambua huku anaongea. Niliona miguu yake na ncha ya kanga, basi. Yeye aliona viatu vyangu. Hakuna aliyekuwa anavunja heshima ya mwenzake. Alinieleza jinsi mzee alivyombembeleza kwa mwaka mzima kwa kumpelekea asali ya msituni wakati yeye asali haipendi. Alinieleza alivyokuwa anamlisha miezi yake ya mwisho, na namna mzee alivyomwambia mkewe, akiwa tayari haoni, kwamba amependeza. "Nilikuwa nimevaa sweta la kuendea zizini," alisema, na maharage yakaacha kulia kwenye ungo kwa muda.

Zikafika Jumamosi ambazo chini ya gari hakukuwa na kazi tena. Niliingia tu. Nilikuwa nakaza nati iliyokwisha kukazwa.

"Hiyo ekzosi haiishi kufungwa?" mke wangu aliniuliza siku moja barabarani tukirudi. Tulipofika lami akasema, "Mama anakula siku hizi. Mwili umemrudia."

Ikaja habari ya rangi. Kombi lilikuwa la kijani, lakini nilipopiga msasa mlango ikatokea bluu chini yake, bluu nzuri ya anga la asubuhi. Nikamuuliza nikiwa palepale chini.

"Lilikuja bluu," alisema. "Nililipenda lile gari kwa ajili ya ile bluu. Siku moja akashuka nalo mjini, akarudi limekuwa kijani. Anapiga honi tangu kule chini barabarani, anacheka. Kijani kama cha chura! Nilitaka kulia."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambiaje? Alikuwa na furaha."

"Miaka yote hiyo hukumwambia?"

"Miaka yote."

Niliona nafasi yangu. Nikamwambia basi, mama, sasa tulirudishe bluu yake, kwa ajili yako. Miguu yake ilitulia.

"Hapana," alisema mwishowe. "Paka kijani. Kilekile. Nikikiona napata kumnunia kidogo."

Tulilikokota hadi Elerai kwa fundi wa bodi, ambaye alichomelea sakafu iliyoliwa na kutu na kuvuta mabati yaliyobonyea. Kumpata aliyeweza kuchanganya kijani kile ilikuwa shughuli. Fundi alinibembeleza nichague rangi ya fedha au nyeupe, akasema gari la namna hii likipakwa kijani hiki watu watadhani ni yeye aliyekosea. Nilikataa. Lilipokamilika nilipanda nalo mlimani pamoja na mke wangu asubuhi ya ukungu wa Julai, nikapiga honi tangu kule chini. Mama alitoka akasimama kwenye kona ya nyumba amejifunga kanga kichwani. Akalitazama muda mrefu. "Baya vilevile," alimwambia mke wangu, kisha akaingia ndani, na mke wangu akamfuata akamkuta analia na kucheka kwa pamoja.

Tangu hapo tulimpeleka kanisani na sokoni, mke wangu akikaa mbele na yeye kiti cha nyuma kabisa, kule dirishani. Nami nilikosa zile Jumamosi. Gari lilikuwa zima, sina sababu ya kulala chini yake.

Mwezi uliopita alikuwa na miadi ya daktari wa macho mjini. Mke wangu aliamka na mafua, hivyo nikapanda peke yangu. Nilimsalimu kwa mbali, nikamfungulia mlango wa nyuma, nikazunguka kukaa kwenye usukani. Nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa, kisha wa mbele ukafunguliwa, na mama mkwe wangu akapanda, akaweka mkoba mapajani, akavuta mkanda wa usalama.

"Kule nyuma sioni barabara," alisema.

Tuliteremka mlima. Nilikuwa nimeshika usukani kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Kukaa bega kwa bega, bila bati kati yetu, kulinifanya nisijue hata nikohoe vipi. Tulipita mashamba ya maua, tukaingia lami, na yeye alikuwa anatazama mbele tu.

"Baba," alisema baadaye, "mimi nimekusimulia ya kwangu yote. Wewe hujawahi kuniambia kitu. Mama yako alikuwaje?"

Mama yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Mke wangu anajua, lakini hata yeye niliwahi kumweleza kwa ufupi tu. Nilianza na sauti yake, kwamba alikuwa na sauti nzito kama ya mwanamume na watu kwenye simu walimwita mzee. Mama mkwe akacheka. Nikamweleza alivyokuwa anapika mtori wa ndizi, alivyotufumia sweta, jinsi alivyonipa redio mbovu ya baba niifungue nikiwa na homa ili nisilie. Mambo yalikuja ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Tulipoanza kuziona nyumba za Kimandolu, nilikanyaga mafuta ili tuwahi foleni ya hospitali.

"Endesha polepole," alisema. "Bado hujamaliza."