Nilivyoanza kutengeneza muziki kwa kompyuta: ngoma ya dada Zuhura na programu ya bure

Wakuu, najua mkishajua umri wangu mtaniamkia, kwa hiyo marahaba kabisa kwa wote, tuendelee.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anauliza kama mtu anaweza kuanza kutengeneza beat bila studio, bila kinanda, bila hela ya software. Wengi mmemvunja moyo, hamkufanya vizuri.

Mimi niliishia darasa la nne, na nilianza nikiwa na wajukuu tayari. Nitasimulia ilivyokuwa, sitaongeza chumvi. Wengi ninaowataja wapo hai na walikuwepo uani kwangu.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mitumba ya kila aina inaingia, mpaka kompyuta.

Nakaa Bigwa, Morogoro, hapa chini ya mlima. Chumba changu cha mbele nilimpangisha Mama Grace, Mngoni wa Songea. Mume wake alipunguzwa kazi kiwandani, basi yeye akafungua ofisi ya kuchapa barua na kadi za harusi. Kompyuta yake ilikuwa ile yenye chogo, kuinyanyua mpaka watu wawili.

Sasa niwaambie kuhusu dada yangu.

Anaitwa Zuhura binti Salum, tumbo moja na mimi. Alikuwa mpigaji wa ngoma za wanawake. Kuanzia hapa Bigwa mpaka Mkuyuni, mwali akitolewa nje anaitwa yeye. Ngoma kubwa mkono wa kulia, ngoma ndogo mkono wa kushoto, kwa pamoja, na huku anacheka na watu.

Akapooza upande wa kulia. Maneno yalirudi, mguu ukarudi kidogo. Mkono haukurudi.

Alivyoacha kupiga akaacha na kutoka. Ukimwita ngomani anakujibu, "Nije kufanya nini, kulinda viatu?"

Mara mjukuu wake Rehema akavunja ungo. Akawekwa ndani, akafundwa, siku ya kumtoa ikapangwa, tena uani kwangu kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Tukasema tuchukue wapigaji wa Matombo.

Dada akasema, "Wachukueni. Mimi siku hiyo nitakuwa nimelala kwangu, na mlango nimefunga."

Rehema kusikia hivyo akalia kule ndani. "Bibi asipokuwepo mimi sitoki." Na bibi mwenyewe hataki hata kuzungumziwa habari hiyo. Tukakwama hapo.

Siku moja mchana nikasikia chumba cha mbele kinalia ti, ti, pu, ti. Nikaingia. Mama Grace yuko peke yake, hana mteja, anacheka na kioo cha kompyuta.

"Mama Grace, ni redio hiyo?"

"Hapana mama, ni programu ya muziki. Imo kwenye CD iliyokuja na jarida la kompyuta. Ya bure kabisa."

Kwenye kioo palikuwa na mistari ya vijumba. Unabonyeza kijumba kinawaka, kikifikiwa zamu yake kinalia. Mstari mmoja ngoma, mwingine matoazi. Hata mimi nikaelewa, ni kama kupanda mbegu kwenye tuta: unapofukia ndipo panapoota.

Nikamuuliza kama ina ngoma zetu.

"Haina. Ila ukirekodi sauti yako mwenyewe, inaipokea."

Wakuu, hiyo ndiyo mnayoita sample. Na hapo ndipo akili yangu ilipochemka.

Nikaenda kwa dada. "Dada, naomba unipigie ngoma."

"Asha, usinitanie. Kwa mkono upi?"

"Huohuo wa kushoto. Nataka pigo moja tu. Pu, basi."

"Pigo moja ndiyo ngoma?"

"Wewe nipe moja. Mengine niachie mimi."

Akanikazia macho mpaka nikainamisha uso. Kisha akasema, "Iwekeni juani kwanza, ngozi imelegea." Nikajua amekubali.

Tukakaa mlangoni kwa Mama Grace na kimaikrofoni chake cha kompyuta. Ngoma kubwa, pigo moja la katikati. Ngoma kubwa pembeni. Ngoma ndogo kwa vidole. Ngoma ndogo kwa kiganja. Yote kwa mkono wa kushoto, moja moja, kila moja Mama Grace anaisave kwa jina lake.

Tulipokuja kuzipanga, kumbe kwenye pigo la ngoma kubwa jogoo wa jirani yetu Mwanahawa naye ameingia. Basi kila kubwa ikilia, jogoo anawika. Pu-koo! Pu-koo!

Dada alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Tukarudia kurekodi, jogoo tumemfunikia kapu.

Sasa sikilizeni, mnaoanza. Programu ile ilitupa vijumba kumi na sita kwa mzunguko. Nikapanda mapigo, nikasikiliza, ngoma inachechemea. Nikahamisha huku, nikahamisha kule, wapi. Dada akasema, "Hiyo ngoma ina mguu mmoja zaidi." Mama Grace akatafuta kwenye menyu akakuta vijumba vinapungua. Tulipofika kumi na mbili ngoma ikakaa. Msikubali kila kitu jinsi programu ilivyokuja nacho, wenyewe walioitengeneza hawakuijua ngoma ya kwenu.

Mama Grace akabonyeza, kubwa na ndogo zikaenda pamoja.

 Dada akautazama ule mkono wa kulia uliolala mapajani, kama mtu anayehakikisha kama umesogea.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Sasa ni nani mwingine?"

Akakubali kuja siku ya Rehema, lakini kusikiliza tu.

Nikafanya kazi ile kila mchana Mama Grace akikosa wateja. Mouse ilinitesa, mwanzoni nilikuwa naiinua hewani. Nikatengeneza vipande vitatu: cha kucheza, cha kupokezana nyimbo, na cha kutunza, ambapo ngoma ndogo inanong'ona peke yake huku wanaoleta khanga na hela kwa mwali wakitajwa majina. Siku moja Mama Grace alimwonyesha dada vipande hivyo, kimoja kimoja. Kisha mimi nikaviunga vyote kuwa wimbo mmoja mrefu, nikajiona fundi.

Nyimbo za ndani hazikuingia humo, wala hapa sizitaji. Hizo zina mahali pake.

Siku ikafika. Meza ya kompyuta tumeivuta mlangoni, spika dirishani. Rehema katolewa, ngoma inalia, wanawake wakapiga vigelegele. Dada kakaa kwenye kiti karibu na meza, kajifunika khanga mpaka kidevuni.

Ikaja zamu ya kutunza. Mtajaji ni mimi, sababu majina hayanipotei. Nikaanza: Mwanahawa na wanawe Tatu na Shabani, Bi Mwajuma wa Mkuyuni na wifi yake Hadija, Mama Kulwa aliyeshuka kutoka Mgeta...

Sijafika nusu, puuu! ngoma kubwa imerudi. Kipande kimekwisha, mashine imeendelea na safari yake. Wachezaji wakaingia, waliobeba khanga wakabaki wamesimama.

Bi Mwajuma akapaza sauti, "Asha! Ngoma yako haina adabu! Inamfukuza mgeni!"

Watu wakacheka. Rehema akainamisha kichwa. Mimi sijui pa kubonyeza.

Hapo dada akasema, "Nisogezeni."

Tukamsogeza na kiti chake. Akamuuliza Mama Grace, "Vile vipande ulivyonionyesha siku ile, kimoja kimoja, kabla ya kuungwa, bado vipo?"

"Vipo mama. Ukibonyeza namba, kipande kinazunguka mpaka ubonyeze nyingine."

"Basi nipe."

Akaweka mkono wa kushoto kwenye keyboard. Ngoma ndogo ikaanza kunong'ona. Nikataja upya, taratibu, kila mtu na watoto wake, na ngoma ikasubiri. Bi Mwajuma alijivuta makusudi kuona kama itamkimbia. Haikumkimbia.

Nikamaliza. Nikamtazama dada arudishe ngoma kubwa.

Hakubonyeza.

"Endelea," nikamwambia.

"Hujamaliza kutaja."

Nikajipima kichwani, nimewataja wote. Ngoma ndogo inazunguka tu, watu wananitazama. Ndipo nikakumbuka. Kwetu mtajaji hufunga kwa jina la mpigaji, na mimi nilikuwa nimeshaweka akilini kwamba leo hatuna mpigaji.

Nikapaza sauti: "Na mpigaji wetu, Zuhura binti Salum!"

Akabonyeza. Ngoma kubwa ikaangukia palepale.

Wakuu, funzo nililopata: anza na sauti moja ya mtu unayemjua, na usiharakishe kuunga wimbo kabla hujajua nani anatakiwa kusubiriwa.

Niulizeni, nitajibu, ila macho yangu hayaoni vizuri, naandika polepole. Na mwenye mzee nyumbani aliyeacha kupiga kitu, aseme hapa kilikuwa kitu gani, tusaidiane kutafuta pa kuanzia.