Maua ya Apolonia Kwenye Mahame

Shangazi yangu Apolonia alikuwa mfuaji wa nguo kwenye misheni moja upande wa Ushirombo. Sista mmoja alipoondoka alimwachia mche wa haidranjia, naye akakata vipandikizi mpaka akawa na vyungu vinne. Kimoja kilikaa ndani karibu na dirisha, mahali jua la mchana halifiki. Vitatu nje, upenuni. Ni ua lenye kiu: ukilisahau siku moja, majani yanalala kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa kijiji kipya. Lori lilibeba mabati, milango na wazee. Dereva alikubali chungu kimoja tu, kile cha ndani.

"Mama, hatuhamishi bustani," alisema.

Miezi miwili baadaye, kiangazi kimekaza, Apolonia alitembea mwendo wa saa tatu kurudi mahame, angalau aokoe vyungu vyake. Nyumba zilibaki kuta tupu. Alitegemea kukuta vijiti vikavu. Akakuta maua ya buluu yamefumuka, na udongo umelowa. Maji yalikuwa bado yanachuruzika chini ya vyungu. Kisima kilikwishakauka. Kwenye vumbi hapakuwa na unyayo ila wake.

Aliviacha, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Alipomsimulia mumewe, Mihayo, alicheka. "Nani atembee saa tatu kumwagilia maua ya mke wangu?"

"Twende ukaone."

Walifika saa nne asubuhi. Upenuni palibaki miduara mitatu ya unyevu. Vyungu vilikuwa ndani, kwenye pembe pekee yenye kivuli ya chumba kisicho tena na paa. Maua yaliyonyauka yalikuwa yamekatwa na kupangwa ukutani, moja moja. Mihayo alitia kidole kwenye udongo, akakitazama. Kisha akavua kofia.

"Shikamoo," aliamkia chumba kitupu.

Hakuna aliyeitikia. Walisikia tu tone la maji likidondoka.

"Tuyaache," Mihayo alinong'ona. "Yana mwenyewe."

Waliyaacha. Lakini kila mwezi, kwa miaka saba, Apolonia alirudi na kikapu cha samadi, akaimwaga kizingitini, akaenda zake. Kila aliporudi aliikuta samadi imechanganywa kwenye udongo wa vyungu. Maji hakupeleka hata mara moja.

Miguu ilipomkatalia, nilimwuliza kama hakuwa akiogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Ila mtu akikulelea kilicho chako, humwachii kazi yote peke yake."