Niliahidi kumlelea watoto ili yeye aongoze

Ficheni jina langu, tafadhali, maana hapa kambini Dzaleka habari inatembea mbio kuliko baiskeli za kabaza zinazobeba abiria.

Mi ni mama wa miaka ishirini na sita, asili yangu Uvira. Nina mume na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Nashona nguo barazani kwetu. Shule niliachia katikati ya sekondari, vita ikatutoa. Ninayeandika habari yake ni rafiki yangu wa Bukavu, tumepakana ukuta. Nitamwita Mama Sifa, si jina lake.

Mwaka jana, siku ya banamuke, yaani wanawake, mwezi wa tatu, kanisani kwetu tuliambiwa kila mmoja asimame aseme ahadi yake mwenyewe, atafanya nini ili mwanamke naye aongoze, ili binti na kijana wahesabiwe sawa. Unasema kwa mdomo, mbele ya watu wote. Wakati unasema, mwanamke aliyekaa karibu nawe anakubebea mtoto, na yeye njo shahidi wako. Mi nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilikuwa nakanyaga cherehani huku nasema polepole, "Nitagombea kuongoza banamuke wa zoni yetu." Hata mume wangu sikumwambia.

Mama Sifa akaitwa kabla yangu. Akanipa mtoto wake, akanyoosha nguo yake ya kitenge, ile niliyomshonea mimi, akasema kwa ile sauti yake ya watu wa mji, "Mi nitagombea kuongoza banamuke wa zoni yetu."

Vigelegele! Nikabaki nimebeba mtoto wake mbele na wangu mgongoni. Halafu nikaitwa mimi. Ningesema nini? Niseme neno lile lile, waseme namwiga? Mdomo ukasema wenyewe, "Mi nitamulelea Mama Sifa batoto, ili akipita afanye kazi vizuri." Vigelegele vyangu vilizidi vyake. Mchungaji akasema huo njo upendo. Tangu siku ile sijapumzika.

Kura zilipopigwa, alipita. Leo ana kikao na wazee wa zoni, kesho ana semina Lilongwe kule Area 25, anapanda minibasi asubuhi amependeza, na mi nabaki na watoto watano, wangu watatu na wake wawili. Nasonga nsima huku natikisa mtoto kwa mguu. Nguo za wateja zinalala bila vifungo. Watu wakipita wananishukuru kwa Kichewa, "Zikomo, mama, we njo unamsaidia présidente wetu." Natabasamu tu. Nikimwona anapita na ile nguo, natamani mshono uachie.

Na ubaya wenyewe ni kwamba kazi anaiweza. Kuna baba alitaka kumtoa binti yake shuleni amuoze, Mama Sifa akaenda akakaa mlangoni pake, akakataa kuondoka mpaka yule baba akalegea. Binti anasoma mpaka leo. Angekuwa mvivu, ningepumua.

Lakini anayenimaliza ni mume wangu. Yeye ambaye hata kikombe hajawahi kusuuza, jioni anawaambia majirani, "Ule mama iko na akili! Mulisikia vile alisema na bazee? Banaume bote kimya!" Nikamuuliza, "Na mi je, siwezi kusema vile?" Akacheka kwa upole, na ule upole njo uliniuma. "We, mama? We iko na kazi yako. Si uliahidi mbele ya Mungu?"

Ndugu zangu, wivu umenishika. Sifichi.

Wiki iliyopita Mama Sifa alirudi kutoka Lilongwe, uso umechoka, ameshika biskuti. Mtoto wake mdogo akamtazama, akanitazama na mimi, kisha akakimbia kujificha kwenye kitenge changu. "Mama!" Alikuwa ananiita mimi. Mama Sifa akabaki amefungua mikono. Na mi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Umenichukulia mutoto," akasema taratibu.

"Na we umenichukulia nafasi," nikajibu.

"Nafasi gani?"

Njo nikamwambia yote, na kwamba hamu ya kugombea bado ninayo. Akakaa chini kwenye mkeka na viatu vyake vya mjini. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Dada, mbona hukusema? Siku ile nilikuwa naogopa. Nilisimama kwa sababu nilijua mutoto iko kwako." Mtoto akatoka kwenye kitenge, akakaa katikati yetu anakula biskuti. Kisha Mama Sifa akauliza, "Sasa ukisimama we, batoto batabaki na nani?"

"Siku yako hakuna aliyeuliza hilo," nikamwambia. "Nilikuwa nimeshalijibu mi."

Akanyanyua mtoto wake akaenda. Mtoto alilia mpaka ndani kwao, nilikuwa namsikia ukutani, nikajizuia kwenda.

Jumapili hii tunarudia ahadi zetu, na baada ya hapo banamuke watachagua kiongozi upya. Wamama wa kwenye bomba la maji wameniambia nikigombea wako nyuma yangu. Nikisema lile neno langu la kwanza, navunja ahadi niliyotoa kanisani, na yeye hana mwingine wa kumwachia watoto, kazi yake itakufa. Mume wangu atasema wivu umenitoa akili, na hatakuwa amekosea kabisa. Nikirudia ahadi ile ile, nitazeeka nikishonea wengine nguo za kwenda mikutanoni, na binti yangu ananiangalia.

Kusimama nitasimama. Na nikisimama, atakayekaa karibu nami wa kunipokea mtoto ni yeye yule, Mama Sifa. Mama zangu, dada zangu, ninyi mliopita njia hii, niambieni kabla ya Jumapili: nikishamkabidhi mwanangu, nifungue mdomo niseme ahadi gani?