Kilo Sitini na Mbili za Mchanga

Ofisini walimwita Sekunde, na jina likamkaa ingawa mwenyewe hakuwa na haraka hata chembe. Alikuwa mpimaji wa gazeti la magari. Wenzake walimwaga sifa za viti vya ngozi na redio. Yeye kazi yake ilikuwa kukanyaga mafuta mpaka mwisho na kurudi na namba. Hakuzitia chumvi. Wauzaji walimletea kofia na fulana, akazivaa kwa raha zake, kisha akaandika kwamba gari lao ni zito.

Kwa miaka ishirini na tisa alipima na mkewe. Yeye kwenye usukani, mkewe kiti cha pembeni na stopwochi, akisema "haya" kwa sauti ya mtu anayeita watu mezani. Katika daftari lao kulikuwa na safu iliyoandikwa "Watu", na kila mstari wa safu hiyo ulikuwa na mbili.

Mkewe alipokwenda ng'ambo kwa binti yao, kusaidia kulea mapacha kwa miezi mitatu tu, Sekunde alikataa kubadilisha utaratibu. Akipima peke yake, namba mpya angezilinganishaje na za zamani? Akajaza mchanga kwenye magunia mawili, jumla kilo sitini na mbili, akawa anayafunga mkanda kwenye kiti cha mkewe. Kilo hizo mkewe alizitaja mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuleta mizani. Ilikuwa namba pekee ya daftari zima ambayo Sekunde hakuihakiki.

Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukapata mwenzake. Watu wakimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Yuko safarini, anarudi." Nyumbani aliendelea kupika cha wawili na kula viporo. Simu za mkewe zilikuwa ndefu, zikawa fupi, zikawa za Jumapili. Alikuwa mpweke, tusifichane. Redio ya jikoni aliiacha imewashwa kutwa, ili akirudi akute mtu anaongea.

Basi zikaletwa ofisini SUV mbili za kushindanishwa, moja nyeupe, moja ya kijivu. Jioni hiyo hiyo binti akapiga simu, Sekunde akamtajia magari hayo.

"Baba, hizo mbili ndizo tunazoziangalia. Tunataka kumnunulia mama gari. Tuambie ipi."

"Mama yako anataka gari?"

"Amechoka kuomba lifti, baba."

Moyo ulimruka. Kuomba lifti ndiyo yaliyokuwa malalamiko ya mkewe miaka yote walipokuwa pamoja, na sasa anataka gari la kwake. Basi anarudi nyumbani. Akili yake ilichanganya kasi kuliko injini yoyote aliyowahi kuipima. Kesho yake alitoa mabati na makopo ya rangi bandani, akafagia, akapima upana wa mlango kwa futikamba. Hakumuuliza binti zaidi, maana aliogopa furaha isije ikapungua.

Kipimo kilifanyika kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ambako siku hizi hatui hata kunguru. Mlinzi alifungua geti, akachungulia kiti cha pembeni.

"Shikamoo, mama," akayaamkia magunia, kama ilivyo kawaida yake.

"Marahaba," akajibu Sekunde kwa niaba yao.

Ya kijivu ilisita kidogo ikisubiri turbo, kisha ikaruka: sifuri hadi mia kwa sekunde nane nukta tisa. Nyeupe haikusita, ila haikuruka pia: tisa nukta nne. Kwenye kuovateki zilikaribiana. Kwenye breki, nyeupe ilisimama mita tatu mapema, usukani umetulia, wakati ya kijivu iliyumba. Alirudia mara tatu, kwenda na kurudi, upepo usimdanganye. Mchana akaegemea boneti, akampigia mkewe.

"Baba watoto, umekula?"

"Bado. Sikiliza kwanza." Akamsomea namba zote.

"Umepima na watu wangapi?" mkewe akauliza. Kazi alikuwa hajaisahau.

"Wawili. Mimi na mchanga wako."

Mkewe akacheka kidogo. "Pima bila mchanga. Huku nikishawaacha watoto chekechea, naendelea peke yangu hadi kazini, na barabara yote ni malori. Nataka nijue nikiwa mwenyewe litanitoa vipi."

"Kazini wapi?"

"Nimepata kazi duka la vitambaa. Binti hakukwambia?"

Sekunde aliliona akilini banda lake lililofagiwa, ingawa lilikuwa mbali na hapo. "Kwa hiyo hurudi."

"Nitakuja kukuona. Kukaa, hapana. Kila Jumapili nilitaka kukwambia, nikaona si leo."

Angeweza kumgombeza, na haki alikuwa nayo. Angeweza pia kumwambia magari yote mawili ni mabovu.

"Nipe saa moja," akasema.

Aliufungua mkanda, akayabeba magunia moja moja, akayalaza kwenye lami. Kiti kilibaki na shimo la uzito wao. Akapima upya, kwenda na kurudi, mara tatu. Ya kijivu nane nukta sita, nyeupe tisa kamili. Bila mkewe magari yote mawili yalikwenda kasi zaidi, na hilo lilimuuma kuliko maneno ya simu.

Akamwandikia: "Chukua nyeupe. Haina mbio sana, lakini inasimama unapotaka." Halafu akafungua daftari, na kwenye safu ya "Watu" akaandika moja. Aliandika polepole, mara mbili, mstari kwa kila gari.

Getini mlinzi alimsimamisha, akicheka. "Mzee, mama umemsahau kule kwenye lami."

"Sijamsahau."

"Anarudi lini, kwani?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Sekunde akalimeza.

"Harudi," akasema. "Amehamia kwa binti yetu."

Mlinzi akaacha kucheka. Akauliza magunia ayafanyeje.

"Zuia nayo geti, upepo usilibamize," Sekunde akamwambia, akafunga mkanda wake, akaondoka taratibu.