Waya Iko na Moto

Kombi ya marehemu Shantilal ilikuwa na betri mbili. Ya mbele ilikuwa ya kuwasha injini. Ya nyuma, iliyofichwa chini ya kitanda, ilikuwa ya taa na kile kifriji ambamo mzee aliweka maziwa wakienda Bogoria, yeye na mkewe Sudha, kulala huko siku mbili tatu. Sasa mzee hayuko. Kombi imesimama uani Kiamunyi, na anayelala ndani ni Cheruto na binti yake Zeddy, wa miezi minane.

Cheruto alikuwa akimfulia Sudha nguo Jumanne na Ijumaa. Mwaka ulipoanza kwa fujo, wapangaji wakakimbia na ploti aliyopanga ikabaki milango wazi, alifika langoni na mtoto mgongoni, beseni kichwani. Sudha hakumuuliza mengi. Alimpa ufunguo wa kombi akasema, "Lala hapo. Shuka nimefua mimi mwenyewe, wewe usianze kufua tena."

Stima ilikuwa imepotea siku ya tatu. Simu ya Sudha ilizima jana. Ya Cheruto ilikuwa na mstari mmoja wa chaji, na mstari huo ndio uliokuwa umemshika Weldon.

Weldon, mumewe, alikuwa Olenguruone kwa mamake tangu Krismasi. Asubuhi hiyo alipiga kwa simu ya kuazima. Kulikuwa na lori la kuteremka hadi Sachangwan saa nane, halafu lirudi juu.

"Njia inabadilika kila saa. Nikifika hapo nitakupigia," alisema. "Ukiniambia njia ya kuja huko ni sawa, nashuka nakuja. Ukinyamaza, narudi na lori. Usizime simu, mama Zeddy."

Jibu Cheruto alikuwa nalo tayari. Gari la mkate lilipita jana na leo bila kuzuiwa njiani. Angesema "njoo" tu, hata salamu aziache.

Lakini tundu la chaja kwenye kombi lilikuwa moja, kando ya kitanda, na lilikula kwa betri ya nyuma. Taa ya nyuma ilikuwa imefifia ikawa rangi ya chai isiyo na maziwa. Alipochomeka chaja, simu ililia mara moja kama iliyokanyagwa, ikanyamaza.

Sudha akaja na shali yake, akapanda mbele na kupiga injini ili ijaze betri ya nyuma. "Mimi mguu kwa mafuta, wewe angalia nyuma!"

Kombi ilinguruma karibu nusu saa. Taa ikabaki vile vile. Cheruto alitoa fyuzi akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kale kawaya ka ndani kalikuwa hakajakatika. Akafuta ule unga mweupe kwenye betri kwa nepi ya Zeddy iliyoloweshwa maji ya moto. Bado. Zeddy akawa anacheka kila injini ikikohoa, na Cheruto akatamani mtu amwambie tu cha kushika.

Saa saba na nusu alimpigia Nyongesa, fundi aliyekuwa akiiangalia kombi hiyo tangu siku za mzee. Alijua anautumia ule mstari. Aliona afadhali autumie kuliko kuutazama ukiisha.

"Leo wewe ndiye fundi, mama Zeddy," Nyongesa alisema. "Mimi ni mdomo tu. Injini inanguruma?"

"Inanguruma."

"Angalia ile waya nyekundu, nene, inatoka mbele inaingia kwa betri ya nyuma. Umeiona? Iko na moto?"

Cheruto aliinama chini ya kitanda akaishika pale ilipofungwa kwenye betri. Akauvuta mkono haraka.

"Iko na moto! Sana!"

"Sana?"

"Sana, fundi."

"Basi waya haina shida. Hiyo betri ya nyuma ndiyo imekufa. Mwambie mama Sudha azime injini, asimalize mafuta bure. Nitaleta ingine jioni, nikipata..."

Simu ikazima mkononi.

Sudha alizima injini. Akaenda hadi kwa jirani kuomba simu, akarudi. Lango la jirani lilikuwa na kufuli kwa nje. Saa nane ilipofika, wanawake wawili walikaa mlangoni mwa kombi, simu iliyokufa katikati yao juu ya godoro, wakiitazama kama mgonjwa. Sasa Weldon anapiga. Wote walijua.

Nyongesa alifika saa kumi, betri imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Aliinama chini ya kitanda, akaishika ile waya nyekundu, na kichwa cha waya kikazunguka kwenye vidole vyake.

"Mama Zeddy, moto uliujuaje?"

"Iliniunguza."

"Iliku... ilikuwa imechemka?"

"Si ndiyo moto?"

Fundi alikaa chini sakafuni. "Mimi niliuliza moto ya stima. Nilidhani umegusisha spana ukaona cheche. Waya ikichemka hivyo ni nati imelegea. Ningejua, ningekwambia ukaze tu."

Spana namba kumi na tatu ilikuwa kwenye mfuko wa mlango, pale Shantilal alipoiwekaga. Nyongesa alisugua kichwa cha waya kwa msasa, akakaza nati mizunguko mitatu. Sudha akapiga injini. Taa ya nyuma ikapanda, nyeupe, Zeddy akafumba macho.

Simu ilipopata nguvu ya kuwaka, iliingia meseji moja.

*nimepiga mara 4. umenyamaza. nimerudi na lori. busu zeddy.*

Cheruto akaipiga ile nambari ya kuazima. Mwanamke yule wa kwenye laini akamjibu kwa upole ule ule wa kila siku kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Akamjibu tena.

Nyongesa alikuwa ameanza kuifunga betri yake upya kwenye baiskeli. Cheruto akaingiza mkono chini ya kitanda akaishika waya. Ilikuwa baridi kabisa.

"Cheruto!" Sudha aliita kutoka mbele, mguu bado kwa mafuta. "Sasa iko na moto?"

Cheruto alibaki ameishika, taa ikiwaka nyeupe juu ya kichwa chake.