Wembe wa Shemeji Gaudi

Daroa Hitolo alisimama nyuma ya vijiti vya kriketi miaka ishirini na mitatu, kumi na minne kati ya hiyo akiivalia jezi Papua Guinea Mpya. Hakuwa mrefu. Hakuwa msemaji. Ila mpira ukishaingia kwenye glavu zake ulikuwa umefika.

Alianzia barabarani, kama wote wa kijiji cha Hanuabada. Nyumba ziko juu ya maji, na pakavu pa kuchezea ni barabara tu. Kreti la soda ndiyo wiketi, gongo ni kipande cha ubao. Nyuma ya kreti ni bahari. Sheria ilikuwa moja: mpira ukikupita, unaufuata majini wewe, na nguo zako. Daroa alikuwa na shati moja la shule. Akajifunza kudaka.

Alipofika miaka ishirini na mitatu akaitwa timu ya taifa. Mechi ya kwanza, kule Suva, alipitisha mipira kumi na minne, wenyeji wakapata mikimbio ya bure.

"Hizo glavu umeazima?" mrushaji wa timu yake mwenyewe alimuuliza.

Mechi ya pili alipitisha miwili. Ya tatu, hata mmoja. Basi akabaki.

Kupiga, alipiga wa sita. Kwa macho hakupendeza. Aliinama kama mtu aliyedondosha sindano. Lakini wenzake wakitolewa mmoja baada ya mwingine, yeye yupo. Kule Cairns alikaa saa nne juani akapata mikimbio sabini na moja, na hakuna mpira hata mmoja uliopaa juu ya kichwa cha mtu. Vijana wa Australia wakamzunguka.

"Mzee, umelala?"

"Nimelala," akasema. "Rusheni taratibu."

Mkewe aliitwa Raka. Uwanjani hakuwahi kwenda. Alisema wanaume kumi na watatu kuangalia mpira mmoja ni uvivu. Ila kila Ijumaa jioni alimfunga vidole kwa plasta, kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vimevunjika na kuungwa mpaka havikujua tena kunyooka.

"Hiki nacho kimepinda."

"Kilikuwa hivyo."

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Mwongo wewe."

Maongezi yao ya kriketi yaliishia hapo. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi watatu, wao na Boio, mama yake Raka.

Gaudi, kaka yake Raka, naye alikuwa mlinda wiketi, mdakaji wa nyuma ya vijiti. Mzuri kabisa. Bahati yake mbaya ni kwamba Daroa alikuwepo. Miaka minane Gaudi alisafiri na timu akiwabebea wenzake maji.

"Shemeji, leo umevunjika?" angeuliza kila asubuhi ya mechi.

"Bado."

"Basi mimi nichanganye maji na sukari."

Watu walicheka, na wao wawili walicheka. Gaudi alikuwa na miaka thelathini na minne. Daroa alikuwa na thelathini na saba.

Mwaka huo michezo ya visiwa ilikuwa inakuja nyumbani, mji mkuu wa Mosbi, mwezi wa nane. Daroa alikuwa amecheza ugenini karibu maisha yake yote. Nyumbani, mbele ya watu wake, mashindano makubwa hayakuwahi kuja. Na mengine yangekuja akiwa na miaka arobaini na moja. Hii ilikuwa yake ya mwisho, na kila mtu alijua.

Mwezi wa tano Raka akaugua tumbo. Wiki tatu. Wakamzika Alhamisi.

Mke akifa, mume anavaa nyeusi. Ndevu haziguswi. Kanisani anakwenda, uwanjani haendi. Anayemtoa msibani ni kaka wa marehemu, kwa mkono wake na wembe wake, siku ya karamu. Na karamu haiwi kabla ya mwaka, maana nguruwe na mikungu ya ndizi haipatikani kwa siku moja. Kaka akitaka, anaweza kumnyoa mume mapema. Iliwahi kufanyika, kwa baharia ambaye meli haikumngoja. Mama wa marehemu yeye hana mapema. Anangoja karamu.

Kwa hiyo wembe ulikuwa wa Gaudi. Na Daroa asiponyolewa, mlinda wiketi wa taifa ni Gaudi.

Nahodha wao, Heagi, alikuja asubuhi moja ya mwezi wa saba. Alisimama nje kwenye mbao za daraja, hakuingia.

"Majina tunayatoa Jumatatu ijayo," alisema.

"Nimesikia."

"Unataka kucheza au hutaki?"

"Nataka," akasema. "Sana."

"Basi mwambie shemeji yako."

"Hilo haliombwi, Heagi. Aliyefiwa haombi wembe."

Heagi akatema majini popoo aliyokuwa akiitafuna, akaondoka.

Habari ikazunguka kabla ya mchana. Bombani, Gaudi alipopita na ndoo, wanawake walikuwa wanamngoja.

"Gaudi, wembe wako una kutu?"

"Mwacheni, ananoa glavu kwanza."

"Miaka minane ya kubeba maji! Mungu naye amemwona."

"Ninyi mnaongea juu ya dada yangu," Gaudi akasema. Wakainamia ndoo zao. Lakini alipopita tu, walianza upya.

Siku tatu Gaudi hakuonekana kwa Daroa. Wajomba zake walikuwa wamekaa naye, wanamwambia miezi miwili si msiba, ukoo utachekwa. Daroa hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba shemeji hajaja. Alikaa mlangoni, ndevu zimejaa usoni kama za mhubiri, akihesabu siku za kuelekea Jumatatu. Alimkasirikia Gaudi, halafu akajikasirikia kwa kumkasirikia.

Boio alikaa chumba cha nyuma, gizani, nguo nyeusi, nywele hazijachanwa. Asubuhi, mchana na jioni alilia kwa sauti, kama inavyotakiwa. Daroa alipika sago na samaki, akampelekea bakuli. Walikula pamoja, hawakuongea. Siku nyingine Boio alisema jina la Raka. Daroa aliitika, "Ndiyo, mama."

Jumapili, kanisa lilipotoka, Gaudi akaja. Beseni mkono mmoja, sabuni na wembe mkono mwingine. Majirani walimwona akivuka daraja, wakakaa kwenye ngazi zao.

"Kaa," alimwambia Daroa.

"Wajomba wamekubali?"

"Wajomba hawadaki mpira. Kaa."

Daroa akakaa. Gaudi akampaka sabuni mpaka masikioni.

"Nimesema maneno mengi moyoni mwangu juzi na jana," Gaudi alisema. "Mengine si mazuri. Mimi najua kudaka, shemeji. Sikubahatika tu."

"Najua unajua."

"Nyamaza, nitakukata."

Akainua wembe. Chumba cha nyuma Boio akaanza kilio chake cha mchana. Kilikuwa kidogo siku hiyo, sauti ilikuwa imemwishia. Gaudi akangoja. Kilio hakikuisha.

"Mama itakuwaje?" Daroa aliuliza.

"Mama anangoja karamu. Unajua."

"Peke yake?"

"Nitakuwa nakuja."

"Mwezi wa nane utakuwa uwanjani kunibebea maji. Mimi nitakuwa nimenyolewa, nimevaa nyeupe, watu wananipigia makofi. Yeye yumo mle."

"Daroa, majina ni kesho."

"Najua ni lini."

Alikaa na ile sabuni usoni muda mrefu. Aliutaka uwanja ule. Aliutaka mpaka viganja vikawasha. Alikuwa amekwisha kuona pale atakaposimama, na jua litakakotokea. Lakini Raka alikuwa na watu wawili tu wa kumlilia ndani ya nyumba ile, na mmoja akitoka, mwingine analia kama mwendawazimu anayeongea peke yake.

"Weka wembe," akasema.

"Usinifanyie hivyo."

"Weka, shemeji."

Gaudi aliutupa ndani ya beseni, maji yakaruka. "Unajua watasema nini kule bombani? Watasema nilikataa! Watasema nimeiba nafasi ya mfiwa! Nitacheza vipi na maneno hayo mgongoni?"

Hilo Daroa hakuwa amelifikiria. Akasimama. Hakuchukua kitambaa. Alitoka mpaka darajani vilevile, nguo nyeusi, uso mzima mweupe kwa povu, likimdondokea tumboni. Mfiwa hasimami darajani mchana, lakini alisimama. Majirani wote wakamwona.

"Shemeji yangu amekuja na wembe," alisema kwa sauti. Watu hawakuwa wamezoea kusikia sauti yake. "Aliyekataa ni mimi. Mmesikia?"

Kisha mwanamke mmoja wa wale wa bombani akasema, "Tumesikia, Daroa. Nenda kanawe, povu linaingia mdomoni."

Wakacheka, naye Gaudi ndani akacheka bila kutaka.

Mwezi wa nane Gaudi alicheza. Nyumba ya msiba haifungui redio, lakini sauti ya ile ya jirani ilipita kwenye mbao. Daroa alisikiliza mechi zote akiwa amekaa karibu na ukuta. Mechi ya Fiji, Gaudi aliangusha mpira mmoja mwepesi, akadaka mitatu migumu, akapata mikimbio ishirini na tatu. Walishinda. Fainali walishinda pia, kwa shida.

Gaudi alikuja kesho yake, medali mfukoni. Alimwonyesha mama yake kwanza. Boio aliishika, akaigeuza, akairudisha.

"Ulisikia?" Gaudi alimwuliza Daroa.

"Nilisikia. Ule ulioangusha, ulisimama mbali."

"Redio inaonyesha mtu amesimama wapi?"

"Ulisimama mbali."

Gaudi akafikiri. "Hatua moja," akakubali.

Karamu ilifanyika mwaka uliofuata, mwezi wa sita. Nguruwe watano. Walianza na Boio, wakamvua nyeusi na kumwosha. Kisha Gaudi akamnyoa Daroa mbele ya ukoo wote, taratibu, hakumkata. Chini ya ndevu uso ulikuwa umepungua.

Timu ya taifa haikumwita tena. Hakuuliza. Gaudi aliilinda wiketi miaka mitatu, na kila kabla ya safari alipita kwa shemeji yake wakarusha mpira barabarani saa nzima. Daroa mwenyewe alichezea kijiji misimu miwili, mpaka magoti yakakataa. Mchana alirudi kula na mama mkwe. Sago na samaki, na siku hizi waliongea.